Nilivyompima Mama Mkwe Nikiwa Nimempa Mgongo

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Leo nimeanza kozi. Kitale nzima ijue! (Isijue bado. Ijue nikishamaliza.) Tunafundishwa kupima hali ya moyo na akili ya mtu kabla ya kumpa ushauri nasaha. Kanisa letu lilitaka kumtuma mwenye Form Four. Mwenye Form Four akapata kazi Eldoret. Nikabaki mimi, Jotham Walubengo, Form Two na kidogo. Sasa nauza viatu sokoni, lakini nimekuwa utingo wa trela mpaka Kampala, Kigali na Goma. Nilikuwa nikimtazama askari wa mpakani, kabla hajafungua mdomo najua kama ana njaa au ana hasira. Kama hiyo si saikolojia, ni nini?

Darasa ni ukumbi wa kanisa. Madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu ni Bi Jasbir, wa familia ya Singh, mzaliwa wa hapa hapa. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha Kiingereza changu cha barabarani. Akaingia, akatusalimia “mulembe” kwa Kibukusu safi, akamgeukia mama mmoja wa huko Kapsabet akamsalimia kwa lugha yake pia. Nikafunga mdomo. Si kawaida yangu.

Kuna mmoja anaitwa Phelista, muuguzi wa Myanga. Amekaa mbele kabisa. Ana kalamu za rangi tofauti na rula. Adui yangu nimeshamjua.

Nyumbani, Rispah mke wangu hana raha. Anasema mamake huko Bumula amebadilika tangu tumzike mzee. Sauti imepungua. Mahindi yamekauka shambani na hajavuna, yeye ambaye kila mwaka alikuwa wa kwanza kijijini! Nikamwambia tulia mama watoto, mumeo sasa anasomea hayo mambo. Akaniangalia vile mtu huangalia maziwa yaliyokatika. Kisha akasema, polepole, kwamba nikimsaidia mamake kweli, hatanicheka tena maishani. Ahadi kubwa hiyo! Nimeikubali.


Jumatano, 9 Agosti 2006

Mwalimu alitaja juzi kwamba ng'ambo kuna wataalamu wanaoonyesha watu madoa ya wino na kuwauliza wanaona nini. Akasema sisi hatutayatumia. Hapo ndipo aliponikosea. Mtu kama mimi haambiwi kitu halafu ati asikitumie.

Nikachukua wino, nikamwaga kwenye daftari la mtoto, nikakunja karatasi, nikakunjua. Kazi safi! Nikaanza na Amit wa duka la vitabu. Nikamwuliza, bana Amit, unaona nini hapa? Akasema anaona mtu aliyeharibu wino mzuri na anataka kumharibia asubuhi pia. Nikaandika: mgumu, hafunguki. Nikaingia sokoni. Mama wa nyanya akaona popo. Wa sukumawiki, popo. Wa dagaa, popo mkubwa. Ugonjwa wa popo, Kitale nzima!

Jioni nikatoa ripoti mbele ya darasa. Mwalimu akafunika mdomo na leso, mabega yakicheka. Halafu akanieleza kwa upole, bila kunidharau, kwamba kila kifaa cha kupima lazima kwanza kijaribiwe kwa watu wengi wa mahali pale, ijulikane jibu la kawaida ni lipi, ndipo ujue la mgonjwa ni lipi. Doa langu limekunjwa katikati, lina mabawa. Mtu mzima na akili zake ataona nini kama si popo? Ilinichoma. Lakini ilikuwa kweli, na alivyoisema nilitaka kuisikia tena.

Kisha akatupanga wawili wawili. Kazi: uliza swali moja, nyamaza, ngoja. Mimi na Phelista! Nikamwuliza siku hizi analala vipi. Akafungua mdomo. Nikamwambia najua, zamu za usiku zinakuchosha, na mumeo anakoroma. Phelista akamwita Mwalimu, akasema ati mimi ndiye mshauri wa kwanza ambaye mteja wake anaweza kubaki nyumbani.

Walicheka wote. Hata mimi. Lakini nimeandika.


Ijumaa, 11 Agosti 2006

Leo hojaji. Ni karatasi ya maswali kuhusu wiki mbili zilizopita. Huzuni, usingizi, chakula, kukosa nguvu, mpaka lile la mwisho la kuwaza kufa. Unasoma swali kama lilivyo. Mteja anachagua: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Unampa alama. Unajumlisha.

Alama! Nikaamka. Nikauliza, Mwalimu, na ya kupita ni ngapi? Darasa likaanguka. Kumbe hapa hakuna kupita. Alama zikipanda, mzigo wa mtu ni mzito. Mwenye sifuri ndiye mzima. Ningejua, ningezaliwa nikisoma shule hii.

Mwalimu akasema karatasi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni macho na masikio. Mteja amekaaje, mikono inafanya nini, ameacha kufanya nini alichozoea. Na ukisikia, hata kwa mbali, dalili kwamba mtu anataka kujidhuru, usingoje kesho, mwite yeye Mwalimu siku hiyo hiyo. Aliposema hayo sauti yake haikupanda. Lakini hata Phelista aliacha kupigia mistari.

Kazi ya kufanya: tafuta mtu mzima, si jamaa yako, si rafiki yako. Mwombe ruhusa. Mpime. Leta ripoti Jumanne.

Mpango ukaja hapo hapo, nikiwa bado kwenye dawati. Mama mkwe! Nitamsaidia Rispah na kumaliza kazi ya darasa kwa safari moja. Kuhusu hiyo kanuni ya jamaa: mama mkwe ni jamaa ya mke wangu. Mimi nimeoa tu. Kwenye ripoti nitaandika “Mama N. wa Tongaren” na hakuna atakayejua kwamba ni Mama Nabwile wa Bumula.

Shida ni moja. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Tangu nimwoe Rispah, mama yule namjua kwa sauti na kwa leso inayopita nyuma ya migomba. Sasa Mwalimu anataka nimtazame mabega!

Nimeazima kioo cha Rispah.


Jumamosi, 12 Agosti 2006

Bumula. Nilikaribishwa vizuri, kutoka mbali.

Nilimwomba ruhusa kupitia kwa jirani. Mama akakubali, akasema ati kama ni masomo ya baba (ndiye mimi mkwe), sawa. Yeye akakaa ndani ya jikoni. Mimi nikaketi nje kwenye kigoda, nimeupa ukuta mgongo, hojaji kwenye goti. Nikatoa kioo. Mila inakataza kutazama. Kuhusu kioo haisemi kitu. Nikakiinua juu ya bega. Nikaona pua yangu. Nikakigeuza, nikaona kuku. Nikakigeuza tena, nikaona leso ikivutwa haraka kufunika kichwa, na mama akakohoa kule ndani kikohozi ambacho kila mkwe anakielewa. Kioo kikarudi mfukoni. Jasho!

Nikaanza kuuliza kwa sauti ya kutosha. Je, umekosa hamu ya kufanya mambo? Akasema, “Niko sawa, baba.” Umejisikia mwenye huzuni? “Niko sawa, baba.” Safi sana, mteja mwepesi.

Halafu nikafika usingizi. Sasa wewe mwenyewe fikiria. Mkwe mzima anauliza mama mkwe alivyolala! Nikaandika sifuri, nikasonga mbele. Chakula? Kumwuliza mama mkwe kama anakula ni kumwambia hujapikiwa. Sifuri. Swali la mwisho, lile la kufa, nilifungua mdomo kweli. Ulimi ukakataa. Kuku akanitazama. Sifuri!

Jumla: sifuri tupu. Mama ni mzima kuliko mimi.

Na ukarimu! Nilipotaka kuondoka, jirani akaanza kutoa vitu nje kwa niaba yake. Cherehani yake ya miaka yote, ya Rispah. Sufuria kubwa za harusi, za Rispah pia. Jirani mwenyewe ameshapewa kuku wote isipokuwa yule aliyekuwa akinitazama. Mimi nikapewa koti la marehemu mzee, lile la sufu. Mama akasema kutoka ndani, “Chukua tu, baba. Mimi sina kazi nazo tena.”

Koti linanikaa kama nilipimwa. Nimefika nalo Kitale nikitembea katikati ya barabara.

Rispah hakufurahi. Aliigusa cherehani, akauliza mama sasa atashonea nini. Nikamwambia nyinyi mkipewa zawadi mnataka na maelezo. Akaingia jikoni.


Jumanne, 15 Agosti 2006

Naandika haraka. Wananingoja nje.

Leo ilikuwa ripoti. Phelista alitangulia. Ripoti ndogo, ya kujikuna kichwa. Alikiri kuna swali aliloliuliza vibaya ikabidi alirudie. Nikasema moyoni, amekwisha huyu. Nikasimama na koti langu. Nikatangaza sifuri kama mtangazaji wa mpira. Nikaona haitoshi, nikaongeza rangi: mteja ni mama mkarimu ajabu, katika siku moja ametoa cherehani, ametoa sufuria za harusi, ametoa kuku, na hili koti mnaloliona, mguse msiguse.

Mwalimu alikuwa akitabasamu. Akaacha. Akaweka chaki chini.

Akaniuliza, taratibu kabisa, mama alibaki na nini. Nikafikiri. Nikasema mkeka. Sufuria moja. Akauliza alisema maneno gani akitoa. Nikamwambia: sina kazi nazo tena. Nilipoyasema mbele ya watu, yale maneno hayakuwa kama niliyoyasikia Bumula. Akauliza, lile swali la mwisho alilijibuje. Nikasema yuko sawa. Akasema, “Bwana Jotham, lile swali lenyewe.” Akanyamaza.

Sasa najua kunyamaza kwake ni nini, nimekuwa upande wa pili. Hakunikazia macho kama askari wa mpakani. Alinitazama kama mtu mwenye siku nzima ya kunisikiliza, na huku mkono wake umeshashika mkoba. Nimewahi kuwadanganya maafisa wa nchi tatu. Yule mwanamke sikuweza.

Nikasema sikuuliza. Nikasema si Tongaren, ni Bumula. Nikasema ni mama mkwe.

Hakunigombeza. Alisema asante kwa kusema, twende. Darasa likavunjwa. Phelista akainuka na mkoba wake wa kazi bila kuombwa. Mwalimu akauliza ni nani katika familia anayeweza kumwuliza mama mambo ya kulala na kula bila kuvunja mila. Nikasema Rispah. Tunampitia Rispah sasa. Mwalimu anapiga honi.

Mungu wangu, nilikuwa na karatasi mkononi, sikuuliza.


Jumatano, 16 Agosti 2006

Mama yuko hai. Niandike hilo kwanza.

Njiani Mwalimu alimfundisha Rispah maswali mawili, kama unavyomfundisha mtu wimbo, tena na tena, mpaka akayashika. Tulifika jua likiwa bado juu. Mimi nikawekwa nyuma ya ghala la mahindi, mahali pa mkwe.

Nikachungulia kwa jicho moja, upande wa Mwalimu tu, nikingoja atoe hojaji. Hakuitoa! Alimkuta mama akichambua maharagwe nje ya mlango, akavua viatu, akaketi chini yake kwenye mkeka, akaomba kusaidia. Wakachambua. Wakaongea maharagwe. Kutoka maharagwe wakafika kwa mzee, alivyoyapenda na chumvi nyingi. Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya mama mkwe. Miaka hii yote nimeijua sauti ile, na kumbe ilikuwa imeshuka kama redio ya betri zinazokufa, na Jumamosi sikuona. Nilikuwa nahangaika na kioo.

Na maswali yakaanza kupita. Ninayajua, nimeyabeba! Yalikuwa yale yale, neno kwa neno, moja baada ya jingine, lakini hungejua mtu anapimwa. Rispah akauliza yake mawili. Mama akamwambia bintiye kwamba huamka kabla ya jogoo na kukaa tu gizani, na ugali unamkwama hapa. “Hapa” sikupaona. Nilikuwa nyuma ya ghala.

Halafu Mwalimu akasema, bila kuteremsha sauti na bila kuipandisha: “Mayi, mama, wengine wakiondokewa na mtu wao hufika mahali wanaona heri na wao wafe. Wewe umefika hapo?”

Kimya.

Kimya kile! Nilikuwa na mambo ya kusema. Nilikuwa na kichekesho kizuri cha Kigali. Nilitaka kumjibia, nilitaka kusema hapana, mama yetu hawezi. Nikashika kola ya koti la mzee nikajaza mdomoni. Maharagwe yaliendelea kuanguka kwenye ungo. Hakuna aliyemharakisha.

Mama akasema, “Nimefika. Nakaa hapo.”

Mwalimu akamshukuru. Akamshukuru, kama aliyepokea kitu kwa mikono miwili! Akamwuliza wazi kama kuna kitu ameweka tayari ndani ya nyumba. Mama akasema kipo na kilipo. Phelista akaingia, akakitoa, akaenda nacho kwenye gari bila kugeuza uso. Mama akaanza kulia, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukitoa. Rispah akamshika. Mimi nikalia ndani ya koti.

Nimeona mafundi. Goma nilimwona mzee mmoja akishusha injini ya trela kwenye matope kwa kamba na magogo, tukampigia makofi. Sikupata kuona mikono kama ya jana. Yaani hakugusa kitu ila maharagwe!

Rispah amebaki kwa mamake. Hatamwacha peke yake hata kwenda kisimani.


Jumamosi, 19 Agosti 2006

Alhamisi mama alipelekwa Bungoma, hospitali. Daktari amempa dawa na atakuwa akionana na mshauri pale kila wiki. Mwalimu hakuongea na daktari kana kwamba mama hayupo. Alimwacha mama aseme mwenyewe, yeye akaongeza panapopungua.

Majirani na mimi tumevuna mahindi yake. Nimevuna nikiangalia upande mwingine kila alipotoka nje, nimeipita mistari kadhaa bila kuiona. Cherehani nimeirudisha nikiwa nimeikumbatia juu ya baiskeli ya boda boda kutoka stendi, jamaa akilalamika njia nzima ati nimepanda na bibi wa chuma. Koti mama alikataa nilirudishe. Safari hii alisema ni langu kwa sababu linanipendeza. Rispah aliniambia mama alisema hivyo akishona.

Mwalimu ameniita kando. Amesema kanuni ya jamaa haikuwekwa kwa urembo. Kuna vitu mkwe hawezi kuuliza, na swali lisiloulizwa si sifuri, ni pengo, na pengo unaliandika pengo. Narudia kazi yote ya nje na mtu nisiyemjua. Nikajiona nimefukuzwa. Lakini akaongeza kwamba zile zawadi nilizihadithia kikamilifu, moja baada ya moja, na kama nisingehadithia tusingefika Bumula siku ile.

Sehemu ya kwanza nimeisikia. Ya pili nimeisikia vizuri zaidi.

Phelista naye akanipongeza! Akasema, Walubengo, nyuma ya ghala ulinyamaza kama mshauri kamili. Nikavimba. Akasema ni vizuri sasa tunajua dawa ni koti mdomoni.


Jumamosi, 26 Agosti 2006

Habari kutoka Bumula: mama amekula akamaliza, akaomba mboga tena. Usingizi unarudi kidogo kidogo. Na amemwuliza Rispah, ni nani yule mkaguzi wa shule aliyekuja siku ile kumhoji kuku wake. Wamecheka, mama na binti, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ile ahadi ya Rispah ya kutonicheka imekufa. Nimeisamehe. Wacheke hata kesho.

Nimekaa nikajitathmini. Kwa haki, ni nani aliyegundua ugonjwa wa mama? Mimi. Ni nani aliyeleta habari darasani? Mimi. Mwalimu alimalizia tu, ingawa kwa ufundi mkubwa. Kwa hiyo kibandani kwangu sokoni nimeandika ubao: KUPIMWA MOYO BURE UKINUNUA KIATU. Mtu wa kwanza alivua soksi.

Na kazi ya kurudia nimeshaimaliza leo! Nilitaka iwe pia zawadi kwa Mwalimu, maana yeye anapima watu wote, kwao nani anapima? Nikaenda kwa babake, Mzee Harnam, mwenye duka la vyuma. Si jamaa yangu. Si rafiki yangu. Mgeni kabisa, kanuni imetimia! Ruhusa sikuomba, ningeharibu zawadi. Nikajifanya nataka bawaba.

Nikamwuliza, mzee, siku hizi bado unaifurahia misumari? Akauliza, ya inchi ngapi? Nikaandika: ana hamu na kazi yake. Nikamwuliza kama anajiona mwenye huzuni. Akasema atakuwa nayo nisiponunua. Mcheshi. Sifuri.

Yakabaki ya usingizi, ya chakula na lile la mwisho. Sasa wewe mwenyewe fikiria. Mzee wa watu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, kilemba safi, unamwulizaje mambo kama hayo? Si adabu. Nikajificha nyuma ya madebe ya rangi, nikamjazia mwenyewe.

Jumla: sifuri! Mzee ni chuma. Jumatatu nampelekea Mwalimu matokeo mapema, kabla Phelista hajafika. Atafurahi huyo!